Mfereji wa Baba

Nilitoka Mbeya, nilikoolewa, nikarudi kwetu Iringa kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilishuka kwenye basi na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na kabla sijashusha mzigo nikasikia ngurumo. Pale barabarani mfanyabiashara mmoja alikuwa ameweka mashine ya kusaga, ya dizeli.

Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga iliyoendeshwa na maji. Gurudumu la mbao alikuwa ameliacha mlowezi mmoja aliyehama, na baba alikuwa amelitengeneza upya mara nyingi hata sijui kama ubao wowote wa mwanzo ulikuwa umebaki. Maji yalitoka mtoni, mbali juu, yakazunguka kilima kwa mfereji hadi kwetu. Wanawake wa vijiji vitatu walisaga kwake. Unga ulitoka taratibu, lakini ulitoka baridi, na ulikaa muda mrefu bila kuharibika.

Kila mwaka kabla ya mvua watu walikuja na majembe kuuzibua mfereji. Mama alipika, baba akawasagia bure wote waliochimba, na kazi ikaisha kwa siku moja kwa vicheko na matusi ya utani.

Siku yenyewe ilifika wiki ileile niliyorudi. Mama aliinjika masufuria mawili makubwa ya maharage. Wakaja wazee watatu. Tukangoja. Jua likapanda.

"Labda kuna msiba," mama alisema.

Hapakuwa na msiba. Baba alichukua jembe akatangulia, wale wazee wakamfuata. Jioni walikuwa hawajafika hata robo, na kesho yake hakuja mtu. Baba alikwenda peke yake, siku hiyo na siku zilizofuata. Niliwahi kumfuata na jembe la mama. Aliponiona akaninyang'anya.

"Unataka kunizalia mtoni? Rudi nyumbani, mama."

Nikakaa kwenye ukingo nikimtazama. Alikuwa anachimba, anapumzika, anachimba. Mama mmoja jirani yetu alipita na mzigo wa mahindi kichwani akielekea barabarani. Alisimama, akasalimia kwa heshima zote.

"Baba, msidhani tumewatupa," alisema. "Lakini ile ya barabarani haituombi jembe."

Baba akamjibu, "Nenda salama, mwanangu." Mwanamke yule alikuwa na watoto sita.

Nilijifungua mtoto wa kike, na mvua ikaanza siku chache baadaye. Ilikuwa mvua kubwa. Ukingo wa mfereji ukabomoka pale baba alipokuwa hajafika, udongo ukajaa, na gurudumu likasimama.

Kisha mashine ya dizeli nayo ikaharibika. Barabara ilikuwa tope tupu, kipuri hakikuweza kufika. Asubuhi moja tulikuta uani kwetu wanawake kama ishirini na mahindi yao.

"Baba, tufungulie maji."

Baba hakuwakaripia. Aliwachukua hadi kwenye mfereji akawaonyesha. Palikuwa na majani yameota katikati. Mmoja akauliza kama watu wote wakichimba leo, kesho maji yatapita. Baba akatikisa kichwa. Ukingo mzima ulitaka kujengwa upya, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Wakajitwika mahindi yao wakarudi. Mchana ule kilima kizima kikaanza kutwanga. Kila nyumba ilikuwa imetunza kinu chake cha mti, hata zile zilizokuwa zinakitumia kukalishia kuku wanaoatamia. Mama naye akatoa chake. Nilikuwa kitandani na mtoto nikisikiliza michi inavyopokezana, nikamwona baba mlangoni amekaa, mikono magotini. Kinu kile kilitaka mikono ya mwanamke mmoja tu. Mashine ya baba ilikuwa imetaka kijiji, na kijiji hakikuwepo tena.

Kipuri kilipofika, michi ikanyamaza.

Arobaini ya mtoto ilipopita baba alinisindikiza kituoni, amebeba sanduku langu. Basi lilichelewa. Tulisimama mbele ya mashine ya dizeli, foleni ya wanawake ikiwa imetoka hadi nje. Baba aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Mkanda umelegea," akaniambia. "Utamkata mtu."

Akaweka sanduku chini, akaingia ndani. Nilimwona kupitia mlango akimweleza mwendeshaji, anaonyesha kwa kidole, anapaza sauti. Yule kijana aliyejaa unga hadi kwenye kope hakusikia kitu kwa kelele. Alimtazama mikono, akaona haina mzigo, akamwashiria kwa adabu arudi nyuma, akapange foleni.

Basi likapiga honi. Utingo alikwisha kulichukua sanduku, nami nikapanda na mtoto mgongoni. Nilimwita baba dirishani. Nilimwita tena. Injini mbili zilikuwa zinanguruma kwa pamoja, na yeye alikuwa bado anamwonyesha yule kijana mkanda.