Kiti cha Mtemi na Dagaa wa Bibi

Ukishuka kivuko cha Kamanga ukafuata ufuo, utafika kijijini kwetu hata usipotaka. Tuna vitu vitatu vya kuonyesha: kanisa ambalo kengele yake ni rimu ya lori, kisima cha mkoloni ambacho hakijawahi kutoa maji, na jiwe pana la bibi yangu la kuanikia dagaa.

Mimi niliishia kidato cha pili, lakini ndoto sikuziacha shuleni. Nilitaka kutembeza watalii, nivae kofia pana. Kilichokosekana ni historia. Mtemi mmoja aliwahi kupita kwetu zamani, na wazee wote wanakubali kwamba alipita mbio kwa sababu ya mbu.

Basi nikamkalisha. Nilitangaza kwamba alikaa kwenye jiwe la bibi siku saba akiamua kesi, na kile kibonde katikati ni alama ya makalio yake matukufu. Nikachukua rangi ya bluu iliyobaki ya mtumbwi wa mjomba, nikaandika: KITI CHA MTEMI.

Watu waliamini kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti wa kijiji akakumbuka ghafla kwamba babu yake ndiye aliyembebea mtemi mwavuli. Asubuhi moja akaja na wajumbe wawili, akamkuta bibi akianika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnataka dagaa?"

"Hapana, mama. Hapa ni mahali pa heshima. Dagaa waondoke."

"Niwaanike wapi? Mchangani? Nani atanunua dagaa wa kutafuna kokoto?"

"Mama, ni kiti cha mtemi!"

Bibi hajui kusoma, ila rangi anaijua. Aliitazama ile ya kwenye jiwe, kisha ile iliyoganda kwenye suruali yangu. Nilingoja anitaje. Badala yake aliinama, akaanza kuwazoa dagaa kwenye beseni, nao walikuwa bado wabichi. Dagaa hao ndio walionivalisha sare mpaka hicho kidato cha pili.

"Mwenyekiti," nikasema, "mtemi hakukaa hapa. Nilitunga."

"Kwa hiyo hayo makalio ni ya nani?"

"Ya bibi. Hukaa hapo kila siku akigeuza dagaa."

Wajumbe walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti hakucheka. "Na mwavuli wa babu yangu?"

"Huo ulitunga wewe," bibi akamjibu, huku akimwaga beseni juu ya jiwe.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtalii, sugua."

Nilisugua kwa mchanga tangu asubuhi hadi rimu ya kanisa ilipogongwa jioni. Neno MTEMI lilitoka. KITI CHA likagoma, na mikono yangu nayo ikagoma.

Majuzi walipita wageni wawili waliotokea Nansio. Wakasoma, wakaniuliza ni kiti cha nani. Kabla sijafungua mdomo, bibi alisogeza dagaa pembeni, akakusanya kanga yake, akakaa.