Kwaya Ndani ya Simu

Mume wangu Hermani alipooa mke wa pili, wazee wa kanisa walinitoa mimi kwenye kwaya, kana kwamba ni mimi niliyeoa. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili miaka kumi na tisa.

Binti yangu Irene alipokuja kunisalimia hapa Gitting, aliniwekea programu ya kurekodi muziki kwenye simu.

“Kusoma sijui,” nikamwambia.

“Huhitaji, mama. Kitufe chekundu kinarekodi, cha kijani kinapiga ulichorekodi. Kila sauti ina mstari wake.”

Nikaimba sauti zote nne, hata besi ya wanaume.

“Mama, besi yako kama ndama!” Irene akacheka.

Nilipobonyeza cha kijani, wakaimba watu wanne. Nikamtafuta kwa sikio Philomena, niliyezoea kusimama naye kwenye kwaya. Wote walikuwa mimi.