Mzee wa Saa Nane

Hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimekaa wima, na hata sasa naandika huku nimeinamisha shingo, maana mtu wa umri wangu, aliyesoma chuo kikuu na anayelipwa mshahara kufundisha uwezekano, hakupaswa kwenda kufumania mtu Kariakoo, mchana kweupe, kwa kutumia jedwali.

Ilianza na zoezi dogo. Niliwatuma wanafunzi wangu wa takwimu wakae karibu na maduka, wahesabu wateja kwa kila saa, kisha tutazame mtawanyo wao. Masharti yalikuwa mawili: mkusanya data asijionyeshe, na data zisitaje jina la mtu. Aneth, binti makini, akachagua duka la khanga na vitenge la mke wangu, Zuhura (sikumkataza, nilijiona bingwa).

Jedwali lake lilikuwa safi. Safu ya saa ilianzia 8 ikaishia 12, na kwa kuwa Zuhura hufunga duka saa kumi na mbili jioni, sikuwa na swali. Wateja walipanda na kushuka kama nilivyotarajia, isipokuwa kwenye 8, ambapo kila siku alikuja mteja mmoja tu, mwanaume, na maelezo yalisema: "Yule yule. Mzee mwenye kitambi. Hanunui kitu. Anapewa chai. Mwenye duka hucheka sana akiwepo."

Sasa, saa nane mchana Zuhura huteremsha mlango wa chuma hadi ubaki upenyo mdogo chini, aswali na kula, na hapokei mteja hata awe mama mkwe. Nikausoma tena ule mstari wa kucheka (ndio ulioniuma, chai ningeisamehe). Kisha elimu ikaniponza, nikakokotoa: kama wateja huja kwa bahati tu, uwezekano wa mzee huyohuyo kuangukia saa ileile ni mdogo, ukizidisha siku kwa siku unakaribia sifuri, kwa hiyo hii si bahati, ni miadi. Na mwenye kitambi mtaani pale nilimjua mmoja, Mangi, muuza ndoo wa duka la jirani (changu sikukiingiza kwenye hesabu).

Basi nikaacha kipindi, nikatoka chuoni Mchafukoge kwa miguu hadi Kariakoo, nikaukuta mlango umeteremshwa, nikapiga magoti nikapenya chini yake, kitambi kikakwama, nikawa nusu dukani nusu barabarani, na wapagazi wakasimama na mizigo yao kuitazama nusu ya nje.

"Yuko wapi?" niliuliza nikiwa sakafuni.

Zuhura alikuwa peke yake na sahani ya wali. "Nani?"

"Mzee wako wa saa nane. Ana kitambi, hanunui, na unamchekea."

Hapo mtu akanishika miguu akanivuta nje. Ni Mangi. "Mwalimu, umeziba njia," akasema. "Unaingia au unatoka?"

Zuhura akapandisha mlango, akachukua jedwali mkononi mwangu, akalisoma polepole mbele ya mtaa mzima.

"Hii siyo saa nane," akasema. "Huyu mwanafunzi wako kaandika saa za simu. Nane yake ni saa mbili asubuhi. Sasa niambie baba, saa mbili asubuhi ni nani anakaa kwenye kigoda changu, anakunywa chai yangu akisubiri kipindi chake, na hajawahi kununua hata khanga ya mama yake?"

Nikatazama kigoda.

"Pole, mwalimu," akasema Mangi kwa upole wa kuumiza. "Umejifumania."

Nikampigia Aneth palepale. "Kwa nini hukuandika kwamba ni mimi?"

"Shikamoo, mwalimu. Si ulisema tusitaje jina?"

"Na kitambi?"

"Kitambi hukukataza."

Tangu hapo wapagazi wananiita Mzee wa Saa Nane, nami nimeapa kutosoma jedwali lolote kabla ya kuuliza saa zake ni za nani. Ila wivu haujaisha. Yule mzee wa kwenye jedwali bado namwonea wivu, kwa sababu mke wangu hucheka sana akiwepo, na mimi, niliyekaa palepale kila asubuhi nikisahihisha mitihani, sikuwahi kusikia.

Kesho yake nilikwenda na mitihani, nikaiacha mkobani.

"Karibu, mteja," akasema Zuhura, akinimiminia chai. "Leo utanunua?"

Akanichagulia mwenyewe khanga yenye maneno ya kuwasuta wenye wivu. Bei hakunipunguzia, lakini alicheka, nikamsikia.