Siku Niliyoosha Mguu Mmoja

Aibu hii nimeificha muda mrefu, na hata sasa nikiisimulia nahisi masikio yakipata moto, lakini kwa vile tumeketi wenyewe kwa wenyewe, wacha niiseme yote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi mwalimu kijana kutoka Murang'a, nimepanga chumba cha sakafu ya udongo kule Ruring'u, Nyeri, na nimempenda Wangechi, binti ya Mzee Nderitu, mwenyekiti wa kanisa letu. Wangechi alikuwa amekubali. Kazi ilikuwa kwa baba yake. Mzee Nderitu alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa (hata kwenye shamba lake la kahawa hakuna aliyewahi kumwona na ndara), na alikuwa ameshamwambia bintiye kwamba mwanamume mchafu hataoa kwake. Basi nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wale wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu na padri Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha mitume wake, na Mzee mwenyewe akiwa miongoni mwao, niliona Mungu amenifungulia mlango.

Sasa sikieni upumbavu. Siku hiyo kulikuwa na ile baridi ya Nyeri ya wakati wa mvua, mafuta ya stovu yamekwisha, maji ni yale ya pipa, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa na funza. Ndiyo, funza, mimi mwalimu. Walikuwa wametoka kwenye ile sakafu, na kila siku nikisema nitawatoa kesho, mpaka mguu ukavimba na hata kuugusa sikutaka. Nikakumbuka kwamba padri wetu mzee huosha mguu wa kulia peke yake, anamwaga maji kidogo, anapangusa, anaenda kwa mwingine. Basi nikausugua wa kulia kwa jiwe, nikaupaka mafuta, na wa kushoto nikautia kwenye soksi jinsi ulivyo, nikafunga kamba za kiatu na kwenda zangu kanisani nikitembea kwa maringo (na kuchechemea kidogo).

Kumbe padri mzee alikuwa ameenda kusaidia Nanyuki, na aliyekuja ni kijana aliyepadrishwa juzi tu, mwenye bidii yake yote. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi, Mzee Nderitu wa pili. Padri akauosha mguu wa kulia vizuri, halafu akasema, "Na ule mwingine, mwalimu."

"Fatha, huu mmoja unatosha," nikanong'ona (hata Petro alibishana kidogo, nikajipa moyo).

Akadhani ni unyenyekevu. Akatabasamu, akafungua kamba mwenyewe, akavuta soksi iliyokuwa imeshikana na kidonda, na ikatoka pamoja na harufu yake. Akabaki na jagi mkononi. Wanafunzi wangu walikuwa wameketi mbele kabisa, na nikasikia msichana mmoja akimwambia mwenzake, "Ati mwalimu ako na funza." Kicheko kikaanza hapo, kikatoka benchi hadi benchi mpaka upande wa akina mama, alikokuwa Wangechi na mama yake. Sikuthubutu kumtazama Mzee. Nilijua mambo yangu yamekwisha.

Zamu ya Mzee ilikuwa haijafika. Lakini nilimwona akiinama, akafungua kiatu chake cha kushoto, akavua soksi, na kuuweka mguu wake kwenye sementi kando ya wangu. Ulikuwa na vidole viwili tu. Pale palipokuwa na vile vingine palikuwa na makovu yaliyokunjamana kama tangawizi.

"Fatha, angalia na hii yangu," akasema. "Funza ilikula vidole tatu nikiwa kijana, na mpaka leo naificha. Hiyo ya mwalimu bado iko na dawa."

Padri akapiga magoti, akaivuta miguu yetu yote miwili kwenye karai moja, akaiosha pamoja bila haraka. Mimi nililia mbele ya wanafunzi wangu. Nilijawa na hofu ambayo haikuwa ya aibu tena, ni ile ya mtu aliyejikuta karibu sana na Mungu bila kujiandaa. Wangechi aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakuwahi kuuona mguu ule, kwa maana baba yake hulala na soksi.

Mlangoni Mzee aliniambia, "Jumamosi kuja nyumbani." Nikaenda. Aliuweka mguu wangu juu ya goti lake, akavaa miwani, akaanza kuwatoa funza kwa pini mmoja mmoja, maji ya chumvi yakiwa kando. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile kanisani.

Hakuinua kichwa. "Sasa ningekuachia hiyo aibu peke yako, Komunyo ningemeza namna gani? Tulia, hapa kuna ingine."

Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Mguu ikipona, ambia wazee wenyu wakuje tuongee."

Wazee wetu walikuja, na Wangechi ndiye mke wangu mpaka leo. Tangu siku ile nimewapelekea watu uji, nimebeba kuni za wajane, nimekaa na wagonjwa, na hayo yote mtu anaweza kuyafanya huku viatu vyake vinang'aa. Kumfunika mwenzako kwa aibu yako mwenyewe ni jambo lingine kabisa. Niliapa kuosha miguu yote miwili kila siku, na hilo nimelitimiza. Lile la Mzee nimelijaribu mara mbili tatu, na kila mara kamba ya kiatu imenishinda kufungua.