Kaka Yangu Alipogawa Ng'ombe Wake

Jumapili ya kwanza ya likizo yangu, katekista wa kilima chetu alisimama mbele ya watu kanisani, huko Karuba, Masisi, akamsifu kaka yangu mkubwa. Alisema kijana huyu hahubiri kwa mdomo. Ana ng'ombe, na anawagawa. Watu waligeuza shingo kumtazama, wengine wakatabasamu. Mama yetu, upande wa wanawake, aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Kaka hakutabasamu. Alitazama ukuta nyuma ya katekista mpaka sifa zikaisha.

Nilikuwa nimetoka Léopoldville, mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu. Walimu walituambia tuulize kila kitu, na nadhani mimi nililichukua somo hilo kwa uzito zaidi kuliko wao walivyotaka. Pale pale kwenye benchi nikajiuliza ni lini mfugaji wa Masisi aliwahi kutoa ng'ombe namna ile. Kwetu ng'ombe hutolewa, ndiyo. Unampa mtu ng'ombe, naye atakuja na pombe kukushukuru, mtakaa, mtakunywa, atakuita kwenye arusi za watoto wake na wewe utamwita kwenye za wako. Ng'ombe anafunga siku zijazo za watu wawili. Kaka alikuwa anatoa ng'ombe na kukataa pombe. Kila aliyekuja kushukuru alirudishwa mlangoni na mtungi wake: "Baki nayo, mimi sina haja." Kilima kizima kilikuwa kinalisimulia hilo kama wema ulioongezwa juu ya wema.

Ng'ombe wa kwanza hawakunishangaza. Kaka alikuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji, katika machimbo ya kasiterite, madini ya bati, kule chini msituni Walikale, mbele ya Mubi. Mvua ilikuwa imenyesha kwa muda mrefu, akamwambia mkubwa wake mzungu kwamba ule ukingo wa udongo umelegea. Mzungu akamwambia kapita halipwi ili kutazama mawingu. Kaka akaingiza watu kazini. Ukingo ukaporomoka, na vijana wawili wa milima yetu, ambao yeye mwenyewe aliwapeleka huko, hawakutoka. Kampuni ilipeleka mablanketi kwa wazazi wao. Mzungu akabaki kazini, na kaka akarudi nyumbani akiwa amebeba kosa la mwingine. Alipowapa wazazi wale ng'ombe, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini baadaye alimpa katekista mtamba. Alimpa mtu waliyegombana naye kwa malisho. Mwisho akampa jirani yetu wa kabila la Wahunde, mkulima wa maharagwe, ng'ombe wa maziwa aliyekuwa anaitika sauti yake.

Tuliporudi kutoka kanisani nilimuuliza mama jikoni.

"Mama, kaka iko na nini?"

"Iko na moyo muzuri. Haukusikia katekista?"

"Muntu anayetoa ngombe hakataake pombe."

"Nyamaza," alisema, bila kuacha kuchambua maharagwe. "Ile neno haisemwe mu nyumba hii. Ukiitaja, unaiita."

Sikuwa nimetaja neno lolote. Mama alikuwa amejibu swali ambalo sikuuliza, na hapo nikajua kwamba yeye alikuwa amekwisha kujiuliza peke yake, siku nyingi, na kuliogopa. Hasira ilinipanda, si kwake. Nilimkumbuka mtu wa ng'ambo ya bonde aliyekufa kwa mkono wake mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi. Walimzika kando ya njia, bila kengele, bila sala, na watoto wake wakaitwa kwa kifo chake badala ya jina la baba yao. Wazee walisema ni desturi, mapadri wakasema ni sheria, na kwa mara hiyo moja pande zote mbili zilipatana. Walisema wanataka kuwatisha watu wasifanye vile. Walichofundisha ni kunyamaza. Mtu aliyechoka na maisha anajua wazi hawezi kumwambia yeyote, na nduguye anajua hawezi kuuliza. Nani alipata faida katika ukimya huo? Niliuliza hivyo wakati ule na bado ninauliza.

Kesho yake mchana kaka alinikuta malishoni. Walikuwa wamebaki ng'ombe wachache, wa mama. Akaninyooshea fimbo yake ya kuchungia, iliyokuwa ya baba yetu marehemu.

"Ushike. Itakufaa kule kwa wazungu, utachunga maprofesa."

Alisema kwa utani, lakini hakuwa anacheka. Mfugaji anaweza kutoa ng'ombe. Fimbo hatoi. Sikuipokea.

"Kaka, unataka kujiua?"

Neno lilitoka wazi, kavu. Nilingoja kofi. Aliketi kwenye majani.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Wewe mwenyewe njo unaniambia, tangu nimefika."

Alichana jani vipande vipande.

"Bote baliniambia aksanti," alisema. "Wewe njo wa kwanza kuniuliza."

Kisha akasema yote. Kwamba ndiyo, alikuwa anafikiri hivyo kila siku tangu Walikale. Kwamba halali. Kwamba alitaka kuacha mambo yake yamepangwa, asiwe mzigo kwa mtu. Sikumwambia ni dhambi. Sikumwambia amfikirie mama, maana alikuwa amemfikiria mama mpaka akaona mama angekuwa na heri zaidi bila yeye. Ndivyo mateso yalivyokuwa yanamdanganya. Nilimwambia tu kwamba ukingo ule hakuusukuma yeye, na kwamba nitakaa naye.

"Iniversite njo ilikufundisha ile?"

"Kule banatufundisha Kilatini."

Alitoa pumzi puani, karibu kama kicheko. Nilimuomba ruhusa niwaambie watu. Alikataa. Nikamuomba tena, akasema, "Basi, lakini hapana kunililia."

Nilianza kwa katekista. Mtamba wa kaka alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba yake, akila vizuri. Nilipomaliza kusema, alijishika shavu.

"Ile ni zambi kubwa, mutoto wangu. Umuambie."

"Papa, jana ulimusifu mbele ya bantu bote."

"Sikujua."

"Uliuliza?"

"Muntu anayetoa, utamuuliza nini?"

"Ungemuuliza sababu gani hataki pombe yako."

Alianza kumfungua mtamba, akisema nimrudishe, nimrudishe leo. Nikamwambia sitaki ng'ombe. Nilitaka ile pombe. Ailete, aingie ndani hata akifukuzwa, akae, na akiwa na sala aisali kimya kimya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea kuona wema pale anapopokea kitu. Alikuja jioni ile na mtungi, akakaa, akazungumza habari za nyasi. Wengine niliowaendea pia walikuja. Yule wa ugomvi wa malisho hakuja, alisema nyumba yetu ina mkosi.

Jirani yetu Mhunde hakuhitaji kuelezwa sana.

"Mimi nilifikiri anakuwa mutakatifu," alisema. "Nikasema, heri mimi. Lakini ile ngombe inanizarau. Nikishika maziwa, inapiga teke. Sasa natazamana nayo tu."

"Muite kaka akufundishe kukamua. Kila asubui."

"Kila asubui? Mimi si mujinga vile."

"Jifanye."

Alijifanya, na nadhani hakulazimika kujitahidi. Asubuhi tulisikia sauti yake ikimwita kaka kutoka chini, ikilalamika, na kaka akishuka akimtukana polepole. Mimi nilimpeleka kaka kwa mganga wa dispanseri ya misioni, aliyempa dawa ya usingizi kidogo kidogo, si chupa nzima, akamtaka arudi kila juma. Mama na mimi tuliondoa nyumbani vitu tulivyoona si vizuri vikae karibu naye. Hatukuambiana sababu. Bado mama hakuwa ameweza.

Sisemi alipona. Kuna siku alilala akiuelekea ukuta, na jirani akaja kuketi mlangoni. Likizo iliisha nami nikiwa na hasira ile ile: ilikuwaje kilima chenye watu wengi hivyo, wanaojua kila ng'ombe kwa rangi na ukoo wake, kingoje mtu atoke Léopoldville ndipo mtu mmoja aulizwe?

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga sanduku. Mama aliingia chumba cha pili, cha kaka, na bakuli la maziwa. Nilimsikia akilitua chini.

"Mutoto wangu," alisema, akaacha, akaanza upya. "Ile wazo ya kujiua. Leo ilikuja?"

Lori lilikuwa linapiga honi barabarani.

"Ilikuja, mama."

"Sogea," alimwambia. "Nikae."