Bi Boya Alivyomkana Mama Mkwe

Sogeeni kidogo, nafasi ipo, na habari yenyewe si ndefu. Inamhusu mwanamke tunayemwita Bi Boya. Naisimulia kwa ruhusa yake. Mwenyewe kasema afadhali niieleze mimi kuliko wale wenye mikono mizito ya chumvi.

Jina hilo alilipata pale kamati ya wavuvi ilipoamua kufunga mwamba wa mbele. Pweza walikuwa wamekwisha, na waliobaki ni wadogo kama kiganja cha mtoto. Serikali ikasema kila kijiji kijitungie sheria za bahari yake. Kamati ikakaa, ikakata shauri: mwamba upumzike miezi mitatu, pweza wakue. Mwenyekiti ndiye huyo mwanamke. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba madumu matupu ya mafuta ya kula, akayapaka rangi nyekundu uani kwake, akayafunga kamba na mawe, akaenda kuyatia majini yawe maboya ya kuzunguka mwamba. Rangi ikamganda kwenye kucha kama hina ya bibi harusi.

"Bi Boya, harusi lini?" wavuvi wakamtania. Jina likakaa.

Mwamba ulipofunguliwa, ndugu zangu, walitoka pweza wa kujaza ndoo, mikono inaning'inia nje. Sifa zikavuka maji. Vijiji vya visiwa vingine navyo vikataka kufunga miamba yao, na kikundi kimoja kikafunga safari kutoka kisiwa cha mbali kuja kujifunza. Walitukuta tumefunga kwa mara ya pili.

Sasa mjue kwamba Bi Boya anaishi na mama mkwe wake. Mume ni baharia wa meli za mizigo, nyumbani anaonekana kama mgeni wa sikukuu. Huyo mama mkwe ndiye aliyemfundisha kuchokoa pweza, tangu alipoletwa pale bibi harusi asiyejua hata kukunja nguo isilowe: namna ya kulitambua tundu lenye mwenyewe, namna ya kuingiza chuma bila papara. Wasiowajua walidhani ni mama na bintiye wa kumzaa.

Lakini mwamba wa mbele ndio pekee unaofikika kwa miguu maji yakitoka. Ukifungwa, mwenye mashua anahamia mwamba wa nje, maisha yanaendelea. Asiye na mashua anakaa barazani. Kwenye mkutano mama mkwe alinyoosha mkono, akauliza, "Na sisi wa miguu je?"

"Mama, vumilia kidogo," Bi Boya akamjibu. "Ni kwa faida ya wote."

Watu wakapiga makofi. Bibi akashusha mkono.

Asubuhi ya ziara, Bi Boya alivaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akawatembeza wageni ufukweni, anaonyesha maboya, anaeleza zamu za ulinzi. Kiongozi wao alikuwa muuza samaki, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa.

"Dada, niambie ukweli," akasema. "Mkifunga hivi nani anaumia? Nikirudi kwetu na habari nusu, watanila mbichi."

"Haumii mtu. Tulikubaliana wote."

Hajamaliza, mmoja wa wageni akanyoosha kidole. Ndani ya maboya kulikuwa na bibi kainama, kanga imefungwa kiunoni, chuma mkononi.

"Na yule?"

Bi Boya alimjua hata kabla ya kumtazama vizuri. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Simjui. Atakuwa wa kijiji cha jirani. Hao ndio wanaotuharibia."

Bibi hakuwa mbali, na masikio yake ni mazima kuliko ya wajukuu. Akajinyoosha polepole. Akamtazama mkwewe, kisha akatoka majini kwa kuzunguka mbali, kama mtu anayewapisha wenye njia yao. Bi Boya akaendelea kueleza zamu za ulinzi, lakini ulimi umekuwa mzito, maneno yanagongana.

Mchana akarudi nyumbani. Mama mkwe akainuka, akampa kiti chenye mto, akamletea maji kwa glasi ya wageni, juu ya sinia.

"Karibu, mgeni. Umetokea kijiji gani?"

"Mama..."

"Kunywa maji, jua kali. Hapa ni kwa mwanangu, baharia. Mkewe hayupo, ana wageni wake. Akirudi nitawajulisha."

"Mama, kwa nini uliingia mwambani siku ya leo?"

"Nilimweleza mkwe wangu mkutanoni. Wewe mgeni hukuwepo."

Bi Boya alijiona mdogo kuliko ile glasi. Tena akakumbuka kwamba boti ya wageni inaondoka alasiri, na lile jibu lake linaondoka nayo. Huko wanakokwenda, bibi mwingine atanyoosha mkono na ataambiwa avumilie.

"Mama, twende bandarini."

"Niende wapi na mtu nisiyemjua?"

Akaenda peke yake. Aliwakuta wageni wanapakia mizigo, wanakamati wenzake wanawaaga.

"Yule bibi wa asubuhi ni mama mkwe wangu," akasema, macho chini. "Niliwadanganya. Na wanaoumia wapo. Ni yeye na wenzake wanaotegemea miguu yao."

"Bi Boya, umetuvua nguo mbele za watu," katibu wa kamati akanong'ona.

Muuza samaki hakucheka. Akashusha mkoba wake. "Boti itasubiri. Tupelekeni kwake."

Wakakaa kwenye mkeka sebuleni. Mama mkwe akawaeleza bila haraka: acheni wazi kipande cha karibu na ufukwe, wa miguu wapate pa kuchokoa, mfunge kilichobaki. Kila swali alilijibu, hata akataniana na muuza samaki, wakacheka wakashikana mikono. Bi Boya alisimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakuthubutu.

"Bibi," muuza samaki akauliza wakati wa kuondoka, "huyu anasema ni mkwe wako. Ni kweli?"

"Mwulizeni yeye. Asubuhi alikuwa hanijui."

Wote wakageuka. "Mimi ni mkwe wake," Bi Boya akasema, sauti ikimtoka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Kisha akaanza kuwaelekeza wageni njia ya mkato ya kurudi bandarini.