Kuni za Mzazi

Efrazia alipenda moto. Miaka yote aliyolima kabichi na viazi chini ya msitu wa Magamba, jiko lake halikuwahi kulala baridi, na majirani walizoea kuja kwake kuomba kaa. Lakini safari hii mvua haikukata, na bintiye Klara alikuwa amerudi nyumbani na kujifungua. Mzazi anataka maji ya moto ya kumkanda asubuhi na jioni, anataka uji, anataka chumba chenye joto. Kuni zilizobaki zilikuwa za chai tu.

Mpakani mwa msitu ulisimama mti mkavu, umeinamia shamba lake. Kuingia msituni na shoka ni marufuku, watu huokota matawi yaliyoanguka tu. Lakini kwa kuwa mti ule ungeweza kumwangukia mtu, askari wa misitu alimruhusu aukate. Efrazia akamwita jirani yake Nassoro, hodari wa shoka.

Nassoro alikuwa ameshatema mate viganjani ndipo hondohondo dume, ndege wa mdomo mkubwa, alipotua tawini juu yao, mbawa zikivuma. Akasogelea shina, akatoa tunda moja moja kooni, akalipitisha kwenye ufa mwembamba. Shinani palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, ukaachwa ufa huo tu. Kutoka ndani ikachomoza ncha ya mdomo mwingine, ikapokea.

Efrazia aliwajua ndege hawa tangu utotoni kwao Mtae. Jike hujifungia humo mpaka makinda yapate nguvu, na dume ndiye mikono na miguu yake.

"Shusha shoka," akasema. "Humo mna mzazi."

Nassoro akacheka. "Basi kampikie uji, Mama Klara. Kwa kuni zipi, sijui."

Akamkumbusha kwamba askari huyu akihamishwa, anayekuja huenda asikubali, na kwamba hondohondo hajui hata kusema ahsante. Efrazia alisimama kati ya mtu na mti, kanga imemlowa mabegani, mpaka Nassoro akatia shoka begani akaenda zake.

Kutwa nzima aliokota vijiti bondeni, vizito kwa maji. Jioni moto ulikataa, ukakubali, ukajaza nyumba moshi. Maji yalichelewa, nayo yakawa vuguvugu. Klara, mtoto kifuani, aliuliza kwa unyonge kwa nini wasiukate ule mti mkavu.

"Una mwenyewe," mama akasema, akipuliza. "Naye hawezi kutoka, kama wewe."

Klara akageuza mgongo, akamwambia mama yake aanze tu kumkanda, maji yanatosha.